Nyuma ya Bahasha Uandike Anwani Ipi?

Maelezo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Ukiteremka kutoka Mtwara mjini kwenda Kilambo, pale kwenye kivuko cha Mto Ruvuma, si ajabu kukutana na mchuuzi mwenye simu ya laini mbili, moja ya Tanzania na nyingine ya Msumbiji. Ana haki. Mto huu ni mpaka wa serikali mbili, lakini haujawahi kuwa mpaka wa ndugu. Wamakonde wako kaskazini na wako kusini, na mtu mwenye mjomba Mahurunga anaweza kuwa na shangazi Palma.

Sasa mchuuzi huyu yuko ng'ambo, anataka kumwambia mteja wake wa Mtwara kwamba samaki wamepatikana. Anapiga kwa laini ya Msumbiji kwa kuwa ndiyo yenye salio. Mteja anatazama kioo cha simu, anaona namba inayoanza na 258 badala ya 255. Huyu nani? Amekwisha kuchoka na matapeli, hapokei. Baadaye anapata wasiwasi, anapiga kurudisha, na vocha ya shilingi elfu inakwisha hata salamu hazijamalizika. Au anapiga wakati mchuuzi ameshavuka kurudi nyumbani, laini ile ya ng'ambo haioni tena mnara wake, na mteja anasomewa Kireno kwamba anayemtafuta hapatikani. Samaki hawangoji. Mpaka waje kuelewana, barafu imeyeyuka.

Tazameni jambo lilivyo. Kwenda, simu ilikwenda vizuri kabisa. Kilichopotea ni jibu, na kilipotea kwa sababu mpigaji, miongoni mwa namba zake mbili, alijitambulisha kwa ile ambayo mwenzake hangeweza kuirudia.

Tuliosoma sekondari wakati wa barua tunalijua jambo hili. Mbele ya bahasha unaandika anwani ya unayempelekea, nyuma unaandika yako. Mimi nilikuwa nazo mbili: sanduku la posta la shule, na sanduku la posta ambalo baba alilitumia pale mjini. Muhula mmoja, siku chache kabla ya kufunga shule, nilimwandikia mjomba wangu aliyekuwa Dar es Salaam, na kwa mazoea tu nikaandika nyuma anwani ya shule. Mjomba hakuwa mtu wa kuchelewa. Alijibu, na ndani ya barua alitia nauli. Barua ikafika shuleni, mimi niko likizo nyumbani namlaumu mjomba kwa ubahili. Nilikuja kuikuta shule ilipofunguliwa, nami sikuwa tena na safari.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kisa kilichotupata hapa studio mwaka 2024, kisa cha kompyuta, ambacho nimeona nikielezee kirefu kidogo.

Wakazi wa Kusini hawajausahau mwezi ule wa Mei. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani upande wa Mafia, mvua ikabomoa barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, magari yakalala njiani. Hatujamaliza kupumua, Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania nzima ikaanza kuchechemea. Mambo haya mawili hayakuhusiana, ila kwa aliyekuwa Mtwara yalionekana kama mkosi mmoja wenye mikono miwili.

Sisi studio tulifanya kile ambacho mwenye nyumba hufanya mlango wa mbele ukikwama, yaani tulitoboa wa nyuma. Tulikuwa na njia moja ya intaneti, ya waya, kutoka kampuni moja. Tukaongeza ya pili, ya antena juu ya paa, kutoka kampuni nyingine. Kila kampuni ilitupa anwani yake. Mwandishi wetu aliyekuwa Kilambo tukampa anwani ya njia mpya, tukamwambia: ripoti zako zote sasa tuma huku.

Akatuma. Haikufika. Akatuma tena. Kwake kompyuta inasema inangoja, inangoja, kisha inakata tamaa. Kwetu taa zote zinawaka kijani, njia zote mbili nzima. Saa ya taarifa ya habari inakaribia, na ripoti ya watu waliokwama kivukoni iko mfukoni mwa mtu aliye kilomita chache tu kutoka hapa. Nilikwisha kupandwa na hasira, nikawa natafuta namba ya kampuni niikaripie.

Tukamwita fundi, binti mdogo ambaye nikimtazama naona bado angestahili kuwa darasani. Akaamkia, "Shikamoo mzee," akavuta kiti, akafungua programu inayoonyesha kila kinachoingia na kinachotoka kwenye kompyuta. Baada ya dakika chache akasema: "Mzee, ripoti inabisha hodi, nayo kompyuta yenu inaitika karibu. Lakini inaitikia mlango mwingine."

Hapo inabidi nieleze kidogo kompyuta zinavyosemezana. Kompyuta haitumi ripoti nzima kama mzigo mmoja. Inaikatakata vipande, na kila kipande kinatiwa katika bahasha yake. Wenyewe mafundi wanaita pakiti. Wengine husema kifurushi, lakini neno hilo kampuni za simu zimekwisha kulichukua, tukilitumia hapa tutachanganyikiwa. Ripoti ya sauti ya dakika tatu, ikibanwa kwa kiwango cha kawaida, inaweza kuwa bahasha kama elfu mbili. Kila moja ina anwani mbili juu yake, ya mtumaji na ya mpokeaji, na katika mpangilio wa intaneti ya kawaida anwani ya mtumaji ndiyo inayotangulia. Anwani yenyewe ni tarakimu nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. (Kwamba 255 ndio msimbo wetu wa simu ni sadfa tu, wala asije mtu akajivuna.)

Na kabla ripoti haijaanza kusafiri, kompyuta mbili lazima zisalimiane. Ya Kilambo inapiga hodi, ya studio inaitika, ya Kilambo inashukuru, ndipo mazungumzo yaanze. Hodi isipopata jibu, hakuna kinachoendelea.

Kompyuta yenye mlango mmoja haina shida, anwani yake ni ile ile. Shida ni ya yenye milango miwili au mitatu, na siku hizi hata kompyuta ya kupakata ina waya, ina mawimbi ya ofisini, na pengine imeunganishwa na simu ya mwenyewe. Bahasha ikiwa tayari kutoka, nyuma yake iandikwe ipi? Kwa kawaida kompyuta inapoanza yenyewe mazungumzo inatazama kwanza barua inakwenda wapi. Inafungua daftari lake la njia, inachagua mlango wa kutokea, kisha inachukua anwani ya mlango huo na kuiandika kama ya mtumaji. Mlango kwanza, anwani baadaye. Hapo hapana tatizo, jibu litarudi mlango uleule.

Lakini kompyuta yetu haikuwa inaanza mazungumzo, ilikuwa inajibu. Hodi iliingia kwa mlango wa antena, ikiwa imeelekezwa kwenye anwani ya antena, basi jibu lilipaswa kubeba anwani hiyo hiyo, na lilibeba. Kosa lilikuwa katika daftari la njia. Daftari linaangalia barua inakwenda wapi tu, haliangalii inatoka kwa jina la nani, na mle ndani tangu zamani palikuwa pameandikwa: kila kiendacho nje kipite mlango wa waya. Kwa hiyo jibu lilitoka kwa mlango wa kampuni ya kwanza likiwa na anwani ya kampuni ya pili. Kampuni ya kwanza ikalitazama, ikaona anwani isiyoitambua, ikalitupa.

Nilipoyasikia hayo nilisema, naam, nilijua tu ni wao! Binti akatikisa kichwa. "Hapana mzee, hao wamefanya kazi yao."

Akanieleza sababu, na ni sababu ya kweli. Mwezi Mei mwaka 2000 wahandisi Paul Ferguson na Daniel Senie walitoa waraka, namba 2827 katika mfululizo wa nyaraka za wahandisi wa intaneti, wakizitaka kampuni zote zinazouza huduma zikague anwani za mtumaji. Intaneti yenyewe, kama posta, humpelekea mtu barua kwa kutazama mbele ya bahasha. Nyuma haipekui. Mhalifu akaona mwanya. Anaandika nyuma ya bahasha anwani ya mtu mwingine, kisha anatuma maswali mafupi kwa maelfu ya kompyuta ambazo hujibu kwa majibu marefu. Majibu yote yanamwendea yule ambaye hakuuliza kitu, kama vile mtu aagize maharusi mia kwa jina lako na wote wapige hodi kwako usiku mmoja. Mitambo mikubwa imezamishwa kwa njia hiyo. Dawa iliyopendekezwa ni ya mlangoni kabisa: mteja wangu akitoa bahasha yenye anwani ambayo sikumpa mimi, siipitishi. Si kampuni zote duniani zinaifuata dawa hii, na ndiyo maana hila yenyewe haijafa. Hiyo iliyotutupia majibu yetu ilikuwa miongoni mwa zenye adabu, na mimi nilikuwa nataka kuikaripia.

Huo ubishi wa mlango na anwani, kumbe ni wa siku nyingi. Oktoba 1989 ulitoka waraka mwingine, namba 1122, unaoeleza kompyuta ziwe na tabia gani kwenye mtandao. Ulipofika hapa ukakiri kwamba wahandisi wana fikra mbili. Wakali wanasema anwani ni mali ya mlango wake, na bahasha yenye anwani hiyo isitoke wala kuingia kwingine. Wapole wanasema anwani ni ya kompyuta nzima, mlango wowote ni halali. Waraka haukuamua, na athari yake tunaishi nayo. Linux kwa kawaida ni pole. Windows, tangu toleo la Vista la mwaka 2007, imekuwa kali. Ndipo unapokuta ofisi mbili zimenunua njia mbili mbili kwa bei moja, kwa mmoja zinafanya kazi na kwa jirani hazifanyi, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake amepata upendeleo.

Mambo yamezidi kuwa mengi kwa anwani mpya. Zile za zamani, za tarakimu nne, jumla yake haifiki bilioni 4.3, na dunia ina vifaa vingi kuliko hivyo. Bara letu lina chombo chake cha kugawa anwani, AFRINIC, chenye makao yake Mauritius, kilichotambuliwa rasmi mwaka 2005, na tangu Januari 2020 kimekuwa kikizitoa zile za zamani kwa mgawo mdogo mdogo, kama chakula cha mwisho wa ghala. Kampuni za simu kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ukikuta ukurasa unakudai uthibitishe kwamba wewe si roboti, huenda mtu usiyemjua, mnayechangia naye anwani, amechafua maji ya kisima.

Anwani mpya ni ndefu zaidi na hazitaisha leo wala kesho. Ila zimekuja na tabia ya kipekee: mlango mmoja wa kompyuta unaweza kuwa na anwani kadhaa kwa wakati mmoja. Kuchagua kukawa ni kazi inayohitaji sheria. Sheria ziliandikwa mara ya kwanza Februari 2003, zikarekebishwa Septemba 2012 katika waraka namba 6724. Zinasomwa kwa mpangilio: ya kwanza ikishindwa kuamua, ya pili inaulizwa, na kuendelea. Sitazisoma zote hapa.

Iko inayosema anwani ifuate upeo wa mazungumzo. Mpwa wangu akimwita jirani dirishani hasemi Sanduku la Posta, anasema "mimi wa kwa Mama fulani", na inatosha. Akiandika kwenda Tanga, hiyo haitamfaa. Kompyuta nayo ina anwani ya uani, isiyovuka ua, na nyingine ya kujulikana duniani. Iko nyingine kuhusu anwani iliyochakaa, yaani umehama nyumba lakini yule wa zamani bado anakupokelea barua. Walioanza mazungumzo nawe kwa anwani hiyo wamalize, ila usimpe mtu mpya. Sheria hiyo ingekuwapo wakati wangu wa sekondari, nauli ya mjomba isingelala shuleni.

Ya mwisho kabisa inasema, mengine yote yakiwa sawa, chagua anwani inayofanana zaidi na ya mpokeaji kuanzia mwanzo wake. Hii sikuipenda. Kufanana kwa tarakimu si ujirani. Mwenye namba ya nyumba inayofuata yangu anaweza kuwa mtaa wa pili, ukiukuta mpangilio wetu wa mitaa. Hata waraka wenyewe unairuhusu kuwekwa kando iwapo kompyuta ina njia bora ya kujua ipi itafaa.

Iliyonishika zaidi ni ya saba, kwa sababu iligeuzwa juu chini. Anwani hizi mpya, hapo mwanzo, nusu yake ya mwisho ilitengenezwa kutokana na namba iliyochongwa kiwandani kwenye kifaa chenyewe. Beba kompyuta yako kutoka Mtwara, ifungue Dar es Salaam, ifungue Nairobi, nusu ile ya mwisho ni ile ile. Mwenye kutaka kukufuata njiani hakuhitaji hata jina lako. Mwaka 2001 ikabuniwa anwani ya muda, inayobuniwa kwa bahati nasibu na kubadilishwa mara kwa mara, kwa kawaida kila siku. Lakini zile sheria za 2003 zilisema: ukiwa na ya kudumu na ya muda, tumia ya kudumu. Mwaka 2012 wakageuza: tumia ya muda.

Mstari mmoja tu kwenye waraka, ambao karibu hakuna aliyeuona. Lakini mimi ni mwandishi wa habari. Watu wa vijiji vya kando ya Ruvuma huniletea habari ambazo wengine wasingependa ziletwe, na baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa mwezi Oktoba 2020 na watu waliovuka kutoka Msumbiji, kila mtu huko amejifunza kupima nani anajua amezungumza na nani. Anwani ya kudumu inayomfuata mtu kila aendako ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Wala nisimdanganye mtu: anwani ya muda haimfichi mteja kwa kampuni anayonunua intaneti, nayo inajua nani alipewa nini saa ngapi. Inachozuia ni yule wa mbali asiunganishe nyayo za leo na za mwezi ujao.

Turudi studio. Dawa ya binti yule haikuhitaji kununua kitu. Aliandika daftari la pili la njia, la mlango wa antena peke yake, kisha akaongeza agizo: kabla ya kutazama barua inakwenda wapi, tazama kwanza nyuma ya bahasha. Yenye anwani ya antena itoke kwa antena, yenye anwani ya waya itoke kwa waya. Mistari mitatu. Akampigia mwandishi wetu simu, akamwambia, "Kaka, jaribu sasa."

Ripoti ilishuka yote ikiwa imebaki kama robo saa, tukaisikiliza mara moja bila kuihariri, na kwenye taarifa ya saa mbili usiku mama mmoja aliyekwama Kilambo na mgonjwa wake alisikika akisema yuko wapi na anahitaji nini. Nduguze walimsikia. Asubuhi walikuwa kivukoni.

Nilimuuliza fundi kwa nini walioleta antena hawakuandika mistari ile mitatu tangu siku ya kwanza. Akasema waliijaribu kwa kufungua ukurasa wa intaneti, ukafunguka, wakaondoka. Ukurasa huo bila shaka ulipitia waya.

Kwa leo naishia hapo, wasikilizaji. Mwenye njia mbili ofisini kwake, amwombe mtu aliye nje ampigie hodi kwa ile ya pili, aone kama atajibiwa.